Maswali ya wasomaji: “Shemeji anataka kuninunua kwa milioni 9, nikubali?”

Barua za mwezi huu nyingi ni za wabia waliofarakana, na nimechukua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ilinikaa moyoni siku mbili nzima, na najua walioko kwenye hali kama hiyo hapa Kilimanjaro si wachache.

SWALI: Dada Mhasibu, habari za kazi. Mimi ni mjane, naishi Pasua, Moshi. Marehemu mume wangu na mdogo wake walifungua mashine ya kukoboa na kusaga mwaka 2014, nusu kwa nusu, kwa maneno tu, karatasi hakuna. Mitambo iliwagharimu milioni 18. Mume wangu alifariki mwaka 2021, na tangu hapo shemeji ndiye anaendesha. Kila mwezi ananiletea 225,000, nami sijawahi kumhoji. Sasa anasema atanilipa milioni 9 niachie sehemu yangu, nusu ya bei ya mitambo, na hapo anasema amenihurumia maana mashine imechakaa. Amenipa daftari la mwaka 2024 nijionee. Mapato 27,300,000. Umeme 11,100,000, vijana wawili wa mashine 4,800,000, vipuri na fundi 2,400,000, leseni na kodi 1,200,000, mengineyo 2,400,000. Faida 5,400,000. Tunatoza shilingi 100 kwa kilo, kukoboa na kusaga. Mimi sijui hesabu. Kazi yangu kwenye mashine ni kununua umeme tu, LUKU nanunua kwa simu yangu halafu shemeji ananirudishia. Sitaki ugomvi na ukoo. Je, milioni 9 ni haki? – Mjane, Pasua

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa kuondokewa. La kwanza kabisa: usitie saini karatasi yoyote na usipokee hata sehemu ya hizo milioni 9, hata ikiitwa “ya kuanzia”.

Sasa nirudi kwenye barua yako. Umeandika kwamba kazi yako ni kununua umeme tu. Hapo niliweka kalamu chini nikasoma tena. Unajiona hujui hesabu, kumbe hesabu ya kweli ya mashine ile unayo wewe, kwenye ujumbe wa simu yako, tangu siku ya kwanza uliyoanza kununua.

Mashine haizunguki bila umeme. Daftari anaandika mtu, na mtu anaweza kuandika anachotaka au kusahau anachotaka. Uniti za LUKU haziandikwi na shemeji wala na kijana wa mashine. Kila ujumbe una tarehe na idadi ya uniti. Keti siku moja, fungua ujumbe mmoja mmoja, andika mwezi kwa mwezi. Uandike uniti, usiandike shilingi, kwa sababu tangu mwaka 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo kwenye LUKU, na ukifuata shilingi utapotea njia. Kwa makisio yangu, nikigawa milioni 11.1 kwa shilingi 356 kwa uniti, mlitumia kama uniti 31,200 mwaka mzima. Simu yako itasema hasa ni ngapi.

Swali linalofuata ni uniti moja inasaga kilo ngapi. Hilo halitoki kitabuni, linapimwa. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa siku nzima kwenye mashine moja kule Himo, wabia wake walikuwa wameshafikishana mahakamani na hawasalimiani. Saa 1 asubuhi tukasoma mita mbele ya wote wawili, kila mmoja akaandika namba kwenye karatasi yake. Kila mzigo ulioingia ukapanda kwenye mizani kwanza ndipo umiminwe. Jioni tukasoma mita tena. Tulipogawanya, kilo 100 za kukoboa na kusaga zilikuwa zimekula uniti 8. Tukarudi siku nyingine, ya gulio, mahindi mengi yalikuwa ya msimu mpya na bado yana unyevu, ikapanda hadi uniti 9. Wateja wa dona, ambao hawakoboi, walikula pungufu. Ndiyo maana siku moja haitoshi: pima siku ya watu wengi na siku tulivu, na umwombe fundi aseme nyundo na neti ya mashine zina umri gani, kwa kuwa nyundo zilizoisha makali hula umeme mwingi.

Kuna jambo jingine la Himo sitalisahau. Daftari waliloniletea la miaka miwili lilikuwa safi. Nikalipeperusha karibu na uso, nikapitisha kidole kwenye mshono wa katikati: hakuna unga. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye mashine ya nafaka dakika kumi anajua unga unaingia hadi kwenye kope. Wino ulikuwa mmoja kutoka Januari hadi Desemba, na mkono haujachoka hata siku moja. Daftari lile liliandikwa sebuleni, tena kwa muda mfupi. Mwenye nalo alikiri baadaye kwamba alilinakili “ili lisomeke vizuri”. La awali lilipopatikana, lilikuwa na hadithi nyingine. Kwa hiyo, dada, lishike daftari la shemeji mkononi, liangalie, kisha lipige picha ukurasa kwa ukurasa kabla hujalirudisha.

Nikichukua uniti 8 kama mfano, nami nikatoa asilimia 10 ya umeme wenu kwa taa, mota kuzunguka bure na hasara nyingine, zinabaki uniti 28,080. Hizo zinatosha magunia 3,510 ya kilo 100. Kwa shilingi 100 kila kilo, mapato ni 35,100,000. Daftari linasema 27,300,000. Pengo ni 7,800,000.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Pengo linaonyesha kuna tundu. Halimwonyeshi aliyelitoboa. Huenda vijana wanasagia watu baada ya mashine kufungwa. Huenda ndugu wa ukoo wanasaga bure na hakuna anayeandika. Huenda kuna madeni ya wateja. Huenda ni shemeji. Mhasibu anayechunguza hesabu akikimbilia kusema “ameiba” kabla ya kuziondoa hizo sababu moja moja, kazi yake itaangushwa kwa swali moja tu la wakili wa upande wa pili. Wewe sema hivi: “Shemeji, hesabu hazikutani, tuzikutanishe.” Neno wizi liache kabisa mdomoni, na moyoni pia kama unaweza.

Halafu muulize pumba inakwenda wapi. Daftari lina mstari wa leseni, lina mstari wa vipuri, pumba haipo. Moshi hii ambayo kila nyumba ya pili ina ng'ombe bandani, pumba ya mahindi haimwagwi. Kama wateja wenu huondoka nayo, sawa. Kama inabaki kwenye mashine, ni mapato, na mimi sijaiingiza kwenye mahesabu yangu.

Tuje kwenye thamani. Shemeji amechukua bei ya vyuma vya mwaka 2014 akaikata nusu. Hiyo ni bei ya vyuma. Biashara inayotembea ina wateja waliozoea njia, ina eneo, ina umeme uliokwisha kuvutwa, na inaleta fedha kila mwezi. Mtu wa nje akitaka kuinunua atauliza jambo moja: kwa mwaka inaniachia shilingi ngapi? Basi tusafishe hesabu ili tujibu hilo. Mapato 35,100,000. Toa umeme, vijana, vipuri, leseni na kodi, zinabaki 15,600,000. “Mengineyo” ya milioni 2.4 siyatoi mpaka nione risiti, maana mara nyingi hapo ndipo hujificha ada za watoto na mafuta ya pikipiki. Lakini haki ni ya pande zote: shemeji anaamka alfajiri kwenda kwenye mashine na hajajiandikia mshahara. Msimamizi wa kuajiriwa ungemlipa, tuseme, 300,000 kwa mwezi, yaani 3,600,000 kwa mwaka. Itoe. Toa na milioni 2 za kuweka akiba ya mitambo itakayokufa. Faida safi ni milioni 10.

Biashara ndogo kama hii, isiyo na mkataba na inayotegemea mkono wa mtu mmoja, mnunuzi mwenye busara atataka fedha yake irudi ndani ya miaka 3, akiwa mkarimu 4. Hiyo ni milioni 30 hadi 40. Nusu yako ni 15 hadi 20.

Angalia sasa maumivu yalipo. Ukichukua faida ya daftari, 5,400,000, ukazidisha mara 3, unapata 16,200,000, na nusu yake ni 8,100,000. Kwa daftari lile, milioni 9 inaonekana kweli kama huruma. Daftari pungufu linamuumiza mbia mara mbili: linapunguza mgawo wake wa kila mwezi, na siku ya kuuza linapunguza bei ya sehemu yake. Nimeona wajane wakishukuru kwa machozi kwa bei kama hiyo, na ndiyo sababu nimeandika kwa urefu.

Mgawo uliopita ni dai la peke yake, usiuchanganye na bei. Kwa mfano wetu, mwaka 2024 fedha ya kugawana, ukitoa mshahara wa shemeji lakini bila kutoa ile akiba ya mitambo, ilikuwa milioni 12. Yako 6. Ulipokea 2,700,000. Pungufu ni 3,300,000 kwa mwaka huo mmoja, kama hakuna maelezo ya kuridhisha. Kila mwaka unahesabiwa kwa uniti zake.

Kuna jambo la kisheria linalotangulia yote haya. Sehemu ile ilikuwa ya mume wako, kwa hiyo ni ya mirathi. Je, mahakama imekuteua msimamizi wa mirathi? Kama bado, huna mamlaka ya kuiuza, na watoto wana haki zao humo. Anzia Mahakama ya Mwanzo. Na ubia wa maneno bado ni ubia. Sheria yake imo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na kwa kawaida ubia hukoma mbia mmoja anapofariki isipokuwa kama walikubaliana vinginevyo. Maana yake shemeji anadaiwa maelezo ya hesabu tangu 2021, hata kama hakuna aliyemuuliza.

Simu yako itunze kama hati ya kiwanja. Usifute ujumbe. Ukitaka kubadili simu, ya zamani iweke kabatini ikiwa nzima. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za aina hii kupokelewa mahakamani, lakini utaulizwa zilitunzwaje na nani alizishika.

Mwite shemeji pamoja na mzee mmoja anayeheshimiwa pande zote mbili. Mpendekezee siku tatu za kupima mashine, yeye akiwepo. Kama hana la kuficha atakubali, maana hata yeye atajua kama vijana wake wanamchezea. Akikataa, tafuta mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, akuandikie ripoti.

SWALI: Mhasibu, salaam. Nina hisa asilimia 30 kwenye kampuni ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Mkurugenzi ana 70. Tangu 2022 sijaona gawio wala hesabu. Sasa wanataka kununua hisa zangu. Mtathmini wao amechukua wastani wa faida ya 2020 na 2021, kisha amekata asilimia 25 kwa kuwa hisa zangu ni chache. Nifanyeje? – Mwanahisa, Sakina, Arusha

JIBU: Kaka, miaka hiyo miwili haikuchaguliwa kwa bahati mbaya. Watalii wa kimataifa waliokuja Tanzania mwaka 2019 walizidi milioni 1.5. Mwaka 2020 walishuka hadi takribani 620,000 kwa sababu ya UVIKO. Mwaka 2023 walishafika milioni 1.8. Mtu anayepima kampuni ya utalii leo kwa faida ya 2020 amepima ng'ombe wakati wa ukame. Nawe usije ukang'ang'ania mwaka mnono peke yake. Dai miaka mitatu ya karibuni, na udai tarehe ya tathmini iandikwe waziwazi, kwa sababu wengi hubishana miezi juu ya bei kumbe kila mmoja anapima siku yake.

Kuhusu idadi ya wageni, mlima una kumbukumbu zake. Hakuna mgeni anayepita lango la Machame, Marangu au Londorosi bila kuandikishwa, na ada za hifadhi hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali. Risiti hizo zinataja kampuni. Ukijua kampuni ilipandisha wageni wangapi na kwa siku ngapi, na ukiwa na bei walizotangaziwa wageni, mapato unayakadiria bila kumwomba mkurugenzi. Orodha za wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, na malipo yao ni njia ya pili ya kukagua namba ile ile. Kama namba za lango na ankara hazilingani, uliza akaunti gani ya dola ilipokea tofauti, na iko nchi gani.

Omba pia hesabu walizopeleka benki kuombea mkopo. Nimekutana na kampuni zenye seti tatu: ya TRA yenye faida ndogo, ya mbia yenye hasara, na ya benki yenye neema tele. Ukiziweka tatu mezani, kikao hubadilika sura.

Lile punguzo la asilimia 25 lina mahali pake, pale unapomuuzia mtu wa nje hisa chache zisizompa sauti. Hapa anayenunua ni mwenye 70, na akizipata anakuwa na kampuni nzima. Lipinge. Mlango wa mahakama upo pia: kifungu cha 233 cha Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, kinamruhusu mwanahisa anayeendeshewa mambo kwa kuonewa kuomba nafuu, na mahakama inaweza kuamuru hisa zake zinunuliwe. Wakili wako na mhasibu wako waketi pamoja kabla ya kuandika chochote, kwa kuwa jaji hafungwi na maoni ya mtaalamu. Ripoti isiyoonyesha ilifikaje kwenye namba zake huwekwa kando.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mhasibu kijana, Njiro. Nimesoma kwamba namba za kweli huanza na 1 mara nyingi zaidi, na kwamba hiyo inafichua udanganyifu. Naweza kuitumia kwenye kesi ya duka la vifaa vya ujenzi? – Mhasibu mchanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Unaizungumzia kanuni ya Benford. Aliyeigundua kwanza alikuwa Simon Newcomb mwaka 1881, alipoona kurasa za mwanzo za vitabu vya logarithimu zimechakaa kuliko za mwisho. Frank Benford akaipima kwa mapana mwaka 1938. Kwenye mkusanyiko mkubwa wa namba za kawaida, kama asilimia 30.1 huanza na 1, na asilimia 4.6 tu huanza na 9.

Itumie kujua pa kuchimba, usiitumie kuhukumu. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi namba nyingi ni bei zilizopangwa. Kama mfuko wa saruji unauzwa 17,000 na watu wengi wananunua mmoja mmoja, moja zitajaa hata duka likiwa la malaika. Kwenye malipo kwa wasambazaji ya miaka mitatu, maelfu ya mistari, hapo kanuni inapumua. Kwa duka hilo mimi ningeanza na kitu cha mkononi zaidi: chukua hati za kupokelea mzigo kutoka kwa msambazaji mwenyewe, siyo nakala za dukani, hesabu mifuko iliyoingia, toa iliyopo stoo, kisha linganisha na risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Mifuko 200 ikikosekana, utajua mwezi ule ule ilipokosekana, na aliyekuwa zamu utamkuta kwenye karatasi ya mahudhurio.